Hatia ya Jana Haijibu Shtaka la Leo

Kuna imani moja ambayo wanasheria wa Marekani hawapendi iguswe. Inasema kwamba raia kumi na wawili walioketi kwenye jopo la mahakama, jaji akiwaambia ushahidi fulani wautumie kwa jambo hili na wasiutumie kwa jambo lile, watafanya hivyo hasa. Mwaka 1987, katika kesi ya Richardson dhidi ya Marsh, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema hii ni dhana ambayo sheria karibu haiiachi kamwe. Juu ya dhana hiyo umesimamishwa utaratibu mzima: mshtakiwa akithubutu kupanda kizimbani kujitetea, makosa yake ya zamani huanikwa mbele ya watu watakaoamua kesi yake, kisha watu hao huambiwa wasimtie hatiani kwa sababu ya makosa hayo.

Wanaoutetea utaratibu huu si watu wa kupuuzwa. Ni majaji wenye heshima zao na waendesha mashtaka waliobobea. Hata hivyo haufai, wala hautatengemaa kwa kuongeza maneno kwenye maelekezo ya jaji. Wanajopo hawashindwi kuyafuata kwa ujinga au kwa roho mbaya. Wanatakiwa kufanya jambo lisilofanyika, na wanaowataka walifanye wanajua fika kwamba halifanyiki.

Kwa aliyezoea kuona hakimu akisikiliza mashahidi na kuandika hukumu mwenyewe, mambo ya Marekani yanahitaji maelezo kidogo. Katika kesi kubwa za jinai zinazofika hatua ya kusikilizwa, jaji husimamia sheria, lakini anayeamua kama mshtakiwa alitenda au hakutenda kwa kawaida ni jopo la raia: dereva wa basi, mwalimu, muuguzi, mstaafu. Kanuni za Ushahidi za mahakama za shirikisho, zilizoanza kutumika mwaka 1975, zinakataza katika Kanuni ya 404 kumtia mtu hatiani kwa hoja kwamba ndivyo alivyo. Aliyeiba jana hahesabiwi mwizi wa leo kwa sababu hiyo tu. Hapo hatuna ugomvi. Lakini shuka hadi Kanuni ya 609 uone mlango wa nyuma ulivyoachwa wazi. Mshtakiwa akitoa ushahidi wake mwenyewe anahesabiwa shahidi kama mashahidi wengine, na mwendesha mashtaka anaweza kuleta hatia yake ya zamani kuonyesha kwamba si mtu wa kuaminika. Kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja huingia endapo jaji ataona kwamba uzito wake kama ushahidi unazidi madhara yake kwa mshtakiwa. Kosa la udanganyifu au la kauli ya uongo huingia bila jaji kupima chochote. Hatia iliyopitiwa na zaidi ya miaka kumi kwa kawaida huzuiwa, ingawa nayo ina upenyo wake. Majimbo mengi yana kanuni za namna hiyo hiyo.

Tuone linavyokwenda kortini. Mtu ameshtakiwa kuvunja duka usiku. Anakana, anasema usiku ule alikuwa amelala kwake. Wakili wake amemwongoza vizuri katika ushahidi mkuu, naye amejibu bila kubabaika. Mwendesha mashtaka anasimama kwa maswali ya dodoso.

“Ni kweli kwamba miaka sita iliyopita ulitiwa hatiani kwa kosa la kuvunja nyumba na kuiba?”

“Ndiyo.”

“Sina swali jingine, Mheshimiwa.”

Anaketi. Jaji anawageukia wanajopo na kuwaambia maneno yenye maana hii: mmesikia kwamba mshtakiwa aliwahi kutiwa hatiani, mnaweza kulizingatia hilo mnapopima kama ushahidi wake ni wa kuaminika, msilichukue kuwa uthibitisho kwamba ametenda kosa lililo mbele yenu. Kesi inaendelea. Yote hayo hayamalizi dakika mbili, na dakika hizo mbili ndizo ninazozigombania.

Shahidi wa kawaida huwaachia wanajopo maswali mawili yaliyo mbalimbali. Mpita njia akisema aliona gari jeupe likiondoka dukani, wanajopo huuliza kwanza kama anasema kweli, halafu huuliza nani alivunja duka. Wanaweza kumtilia shaka mpita njia na kesi ikabaki haijaamuliwa. Mshtakiwa anayekana hana nafasi hiyo. Ushahidi wake wote unaishia kwenye neno moja: si mimi. Ukisema humwamini, umeshasema ni yeye. Kwake yeye swali la kuaminika na swali la kutenda ni swali moja. Jaji anapowaambia wanajopo waitumie rekodi kujibu la kwanza na waiweke kando wanapojibu la pili, anawaambia wakate mahali pasipo na kiungo.

Tuifuate hoja hiyo tuone inapofika. Kwa nini mshtakiwa adanganye? Kwa sababu alitenda na anaogopa gereza. Mtu aliyetenda atadanganya hata kama tangu azaliwe hajakanyaga kituo cha polisi. Asiyetenda hana haja ya kudanganya hata kama amefungwa mara nne, maana ukweli ndio utakaomwokoa. Rekodi basi inatuambia nini kuhusu ulimi wake? Haituambii lolote mpaka kwanza tukisie, kwa kuitazama rekodi hiyo hiyo, kama alitenda. Tukishakisia kwamba huenda alitenda kwa kuwa aliwahi kutenda, ndipo tunahitimisha kwamba anadanganya. Njia ya kuufikia uongo wake inapita katikati kabisa ya jambo ambalo Kanuni ya 404 imelikataza.

Wapo watakaonijibu kwamba aliyeidharau sheria atakidharau na kiapo. Hoja hiyo ni ya siku nyingi. Oliver Wendell Holmes, akiwa bado jaji wa mahakama ya juu ya Massachusetts, aliieleza waziwazi mwaka 1884 katika kesi ya Gertz: hatia ya zamani inaonyesha utayari wa jumla wa kutenda uovu, na kutoka hapo tunaweza kudhani utayari wa kusema uongo. Jina la Holmes ni kubwa, lakini isome hoja yenyewe. Ikiwa utayari wa jumla wa kutenda uovu unatufikisha kwenye uongo, kwa mvunja nyumba unatufikisha kwenye kuvunja nyumba kwa njia fupi zaidi. Mwanajopo aliyekubali hatua ya kwanza ana sababu gani ya kuikataa ya pili? Alichokieleza Holmes ni ile ile hoja ya kwamba mtu ni tabia yake, ambayo sheria inajivunia kuifungia nje.

Tena kuna jambo la kushangaza ambalo watetezi wa kanuni hii hawalizungumzi. Mwaka 2012, katika kesi ya Missouri dhidi ya Frye, Mahakama ya Juu yenyewe ilikumbusha kwamba asilimia 97 ya hatia katika mahakama za shirikisho na asilimia 94 katika mahakama za majimbo hutokana na washtakiwa kukiri makosa, mara nyingi baada ya makubaliano na upande wa mashtaka. Maana yake ni kwamba rekodi nyingi mno zilipatikana siku mtu aliposimama mbele ya jaji akasema: nilitenda. Machoni pa sheria hiyo ilikuwa kauli ya kweli, tena iliyomgharimu aliyeitoa. Miaka inapita, kisha karatasi ile ile ya kukiri inaletwa kortini kuthibitisha kwamba mtu huyu si msema kweli. Na kama tutakubali kwamba baadhi walikiri wasiyoyatenda ili wapunguziwe adhabu au warudi kwa watoto wao, rekodi hiyo inazidi kupoteza thamani kama kipimo cha ukweli wa mtu.

Tuache mantiki, tuje kwenye yaliyopimwa. Mwaka 1985 watafiti Roselle Wissler na Michael Saks waliwapa watu wazima muhtasari wa kesi wauamue kana kwamba ni wanajopo, pamoja na maelekezo ya kawaida ya jaji. Wengine hawakuambiwa lolote kuhusu hatia ya zamani, wengine waliambiwa mshtakiwa aliwahi kutoa ushahidi wa uongo, wengine kwamba alitenda kosa jingine kubwa, wengine kwamba alitenda kosa lile lile analoshtakiwa. Waliosikia kosa lile lile walimtia hatiani kwa kiwango cha robo tatu. Wasiosikia rekodi yoyote hawakufika nusu. Linganisha hapo na hatia ya ushahidi wa uongo. Hiyo ndiyo inayogusa kuaminika moja kwa moja, kwa hiyo ndiyo ingepaswa kumuumiza mshtakiwa kuliko zote. Ilimuumiza kidogo kuliko kosa lililofanana. Na watu hao walipoulizwa wanamwamini mshtakiwa kwa kiasi gani, majibu yao hayakutofautiana kwa kufuata rekodi waliyosikia. Kuaminika, jambo pekee ambalo maelekezo yaliruhusu, hakukuguswa. Hatia, jambo lililokatazwa, ndiyo iliyopanda.

Akitokea wa kusema hayo ni majaribio na si kesi za kweli, kesi za kweli zipo. Theodore Eisenberg na Valerie Hans, katika makala yao ya mwaka 2009, walichambua zaidi ya kesi 300 za jinai kutoka maeneo manne makubwa: Los Angeles, Maricopa huko Arizona, Bronx na Washington, D.C. Waligundua kwamba rekodi ya jinai haikuwa na uzito mkubwa pale ambapo ushahidi wa upande wa mashtaka ulikuwa mzito wenyewe. Uzito wake ulionekana kwenye kesi zenye ushahidi mwembamba, zile ambazo kwa kawaida zingeishia kwa mshtakiwa kuachiwa. Kesi ambazo shaka imo ndani yake, na ambazo sheria inasema shaka hiyo ni haki ya mshtakiwa, ndizo ambazo rekodi huja kuziba pengo. Huwezi kutunga kanuni bora ya kuwafunga wasiotenda hata kama ungekaa kuitafuta.

Watetezi wa dhana ya utii wana ngao moja imara: hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba jopo fulani lilikiuka maelekezo. Ni kweli, kwa sababu sheria yenyewe imezuia tusijue. Wanajopo hawaandiki sababu za uamuzi wao. Kanuni ya 606(b) inakataza, isipokuwa kwa mambo machache, kuwaita baadaye waeleze walivyofikiri chumbani. Mwaka 2017, katika kesi ya Peña-Rodriguez, Mahakama ya Juu ilifungua upenyo kwa mwanajopo aliyetamka waziwazi kwamba anamhukumu mtu kwa ubaguzi wa rangi. Kwa rekodi ya jinai hakuna upenyo kama huo. Basi imani kwamba wanajopo hutii haijawahi kushindwa kwa kuwa haijawahi kuruhusiwa kujaribiwa. Siko tayari kuiita imani ya namna hiyo msingi wa haki.

Hata mabenchi ya Marekani hayakukosa watu wa kusema kweli. Jaji Learned Hand, mwaka 1932 katika kesi ya Nash, aliyataja maelekezo ya aina hii kuwa sarakasi ya akili inayozidi uwezo wa wanajopo na wa mtu mwingine yeyote. Robert Jackson wa Mahakama ya Juu, mwaka 1949 katika kesi ya Krulewitch, aliandika kwamba kila wakili anayefanya kazi kortini anajua ni hadithi ya kubuni kudhani madhara yanafutika kwa maelekezo. Mahakama hiyo yenyewe imelikiri hilo pale ilipotaka. Katika kesi ya Bruton ya mwaka 1968 iliamua kwamba ungamo la mshtakiwa mmoja linalomtaja mwenzake haliwezi kusomwa katika kesi yao ya pamoja likaachiwa maelekezo ya jaji yazuie madhara, kwa sababu kuna mambo ambayo binadamu hawezi kujifanya hajayasikia. Mwaka 1997, katika kesi ya Old Chief, mshtakiwa alikuwa radhi kukubali kwamba ana hatia ya zamani bila jopo kutajiwa ni kosa gani, na Mahakama ikasema mwendesha mashtaka hakupaswa kuachwa ang'ang'anie kulitaja. Kwa nini, kama maelekezo yangetosha? Ukiweza kumwamini mwanajopo kupita kiasi siku ya Jumatatu, huwezi kumtilia shaka Jumanne kwa sababu tu kesi imebadilika jina.

Historia inaeleza tulifikaje hapa. Kwa karne nyingi sheria ya Kiingereza haikumruhusu mshtakiwa kutoa ushahidi wa kiapo katika kesi yake, ikidai kwamba mwenye maslahi hawezi kusema kweli. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa naye hakusikilizwa kama shahidi. Maine lilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuuvunja mwiko huo kwa washtakiwa wa makosa makubwa, mwaka 1864. Mahakama za shirikisho zilifuata mwaka 1878. Lakini kizuizi hakikuondoka chote. Waliopewa haki ya kusema walitozwa bei: ukisema, yako ya zamani yatasemwa. Waingereza walipotunga Sheria ya Ushahidi wa Jinai ya mwaka 1898 walilihofia hilo, wakampa mshtakiwa anayetoa ushahidi kinga dhidi ya maswali kuhusu makosa yake ya zamani, isipokuwa yeye mwenyewe akijigamba kwa mwenendo mzuri au akiwashambulia mashahidi wa upande wa pili kwa mwenendo wao. Sehemu kubwa ya Marekani haikuiga kinga hiyo.

Sasa tuzijibu hoja za upande wa pili moja baada ya nyingine.

Wanasema mshtakiwa asiyetaka rekodi yake itajwe anaweza kunyamaza, na kunyamaza ni haki yake ya kikatiba. Kesi ya Griffin ya mwaka 1965 inamkataza mwendesha mashtaka kuugeuza ukimya huo kuwa hoja, na jaji huwaambia wanajopo wasiupe maana mbaya. Sikiliza vizuri kinachopendekezwa hapo. Tiba ya maelekezo yasiyofuatika ni maelekezo mengine yasiyofuatika. Mwanajopo anayemwona mtu aliyeshtakiwa kwa jambo zito akikaa kimya kuanzia asubuhi hadi mwisho wa kesi atajiuliza anaficha nini, na hakuna sentensi ya jaji itakayomzuia kujiuliza. Katika kesi zile za Eisenberg na Hans, washtakiwa wasio na rekodi walitoa ushahidi kwa kiwango cha asilimia 60; wenye rekodi, asilimia 45. Tofauti hiyo ni watu halisi waliokuwa na la kusema wakalimeza.

Wanasema jaji hupima kwanza, na kwamba mshtakiwa aliyeonewa ana rufaa. Hii nayo iangalieni kwa karibu. Katika kesi ya Luce ya mwaka 1984, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mshtakiwa aliyenyamaza baada ya jaji kuikubali rekodi yake hawezi kulalamikia uamuzi huo kwenye rufaa, kwa kuwa madhara yake ni ya kukisia. Kwa hiyo ni lazima apande kizimbani aumie kwanza. Mwaka 2000 ikaja kesi ya Ohler. Mwanamke alikamatwa akiingia California kutoka Mexico kwa gari lililofichwa bangi ndani ya paneli zake. Alisema hakujua. Jaji aliruhusu hatia yake ya zamani ya kupatikana na dawa za kulevya itajwe. Wakili wake akafanya ambacho wakili yeyote mwenye uzoefu angefanya: alimuuliza mwenyewe swali hilo katika ushahidi mkuu, ili jopo lisilisikie kwanza kwa sauti ya adui. Kwa kura tano dhidi ya nne Mahakama ikasema kwa kuitaja mwenyewe amepoteza haki ya kulalamika. Ukinyamaza huna rufaa. Ukilitaja mapema huna rufaa. Rufaa anabakiwa nayo yule tu aliyesubiri apigwe mbele ya jopo zima. Huo ndio ulinzi tunaoambiwa unatosha.

Wanasema pia kwamba kuificha rekodi ni kulidanganya jopo, kwamba wanajopo wana haki ya kuijua picha nzima. Brian Dickson, Jaji Mkuu wa Kanada, aliitetea hoja hiyo kwa ufasaha mwaka 1988 katika kesi ya Corbett, ambapo utetezi uliwashambulia mashahidi wa serikali kwa rekodi zao huku ukitaka ya mshtakiwa isionekane. Naikubali nusu yake. Mshtakiwa anayejitangaza kuwa hajawahi kugusa cha mtu amefungua mlango kwa mkono wake, na karatasi ya hukumu iletwe kumjibu. Huo si ushahidi wa tabia tena. Ni jibu kwa uongo mahsusi aliousema mbele ya jopo. Lakini kumlinganisha mshtakiwa na shahidi wa serikali ni kulinganisha wasiolingana. Jopo likimtilia shaka shahidi wa serikali, anarudi nyumbani kwake. Likimtilia shaka mshtakiwa, anakwenda gerezani. Na hiyo picha nzima inayosifiwa, mbona haiwahusu wanaonyamaza? Mwenye rekodi akikaa kimya, wanajopo kwa kawaida hawaambiwi lolote. Kama ukweli wote ungekuwa lengo, rekodi ingesomwa kila mara. Inasomwa pale tu mtu anapofungua mdomo kujitetea, na hapo lazima tuseme inafanya kazi ya adhabu kwa aliyesema.

Mwisho wanasema makosa ya udanganyifu ni jambo la pekee, na aliyeghushi hundi jana ana habari ya kutuambia kuhusu kiapo chake leo. Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na kwa shahidi wa kawaida naikubali. Kwa mshtakiwa inarudi pale pale. Mwenye rekodi ya kughushi akishtakiwa kwa kughushi, rekodi hiyo italia masikioni mwa wanajopo kwa neno moja: kaghushi tena. Akishtakiwa kwa kupigana baa, bado swali ni kama alitenda; kama hakutenda, kughushi kwake kwa zamani hakumpi sababu mpya ya kudanganya.

Kuna kundi jingine linalokubaliana nami kwamba maelekezo ni maigizo, ila linafika kwingine: rekodi iingie na jopo liitumie litakavyo. Uingereza ilielekea huko kwa Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 2003, iliyofungua njia kadhaa za kuleta mwenendo mbaya wa mshtakiwa, ikiwemo kuonyesha kwamba ana mwelekeo wa kutenda makosa ya aina hiyo. Nawapongeza kwa kutojificha. Mwendesha mashtaka wa London anayetaka kusema huyu ni mvunja nyumba wa siku nyingi hana budi kulisema hivyo, na Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Hanson ya mwaka 2005, ilionya kwamba rekodi isitumike kuipa nguvu kesi iliyo dhaifu. Lakini onyo hilo nalo ni maelekezo, na binadamu wanaolipokea ni wale wale. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kumwambia asishtuke ni kupoteza pumzi.

Suluhisho halihitaji kubuniwa, kwani limeshajaribiwa ndani ya Marekani yenyewe. Mwaka 1971, katika kesi ya Santiago, mahakama ya juu ya Hawaii iliamua kwamba kumchafua mshtakiwa kwa hatia za zamani ili asiaminike kunavunja katiba ya jimbo hilo, kwa kuwa kunaitia bei haki yake ya kujitetea. Sheria ya Kansas hairuhusu hatia ya mshtakiwa iletwe kwa lengo hilo pekee mpaka yeye aanze kuleta ushahidi wa kuonyesha kwamba ni mwaminifu. Montana imekwenda mbali zaidi: hatia ya zamani haiingii kumpima shahidi yeyote yule. Majimbo hayo matatu hayafanani kwa siasa wala kwa watu wake, na katika yote mahakama zinaendelea kuwatia hatiani wanaothibitishiwa makosa.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna sababu ya kujiona bora. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, chenye asili katika sheria ile ya Kiingereza ya 1898, kinaanza kwa kukataa ushahidi wa makosa mengine ya mshtakiwa, halafu kinataja vighairi. Huo ni mwanzo ulio sahihi. Hakimu wetu anaandika sababu, na mahakama ya juu yake inaweza kuzisoma na kuona alipoteleza. Lakini mwaka 2005 Wistrich, Guthrie na Rachlinski waliwajaribu majaji wa Marekani, watu wenye vyeti na uzoefu, wakakuta kwamba nao mara nyingi hushindwa kuyaweka kando mambo waliyokwisha kuyasikia. Kofia ya jaji haibadilishi kilicho chini yake. Na wapo ndugu zetu, Wakongo, Wakenya na Watanzania, waliokula kiapo cha uraia wa Marekani, ambao siku moja watapokea barua ya kuitwa kwenye jopo. Jaji atawasomea maelekezo haya. Watayaitikia kwa nia njema, kama wenzao wote, na kwa nia njema hiyo hiyo watashindwa.

Bunge la Marekani na mahakama zake zinapaswa kuiandika upya Kanuni ya 609 iseme kile ambacho Kansas na Hawaii zimekuwa zikikisema kwa miongo kadhaa: hatia ya zamani ya mshtakiwa haitatumika kupima ukweli wa utetezi wake, labda yeye mwenyewe adai usafi asiokuwa nao. Mpaka hapo itakapobadilishwa, jaji aliyepewa mamlaka ya kupima anaweza kuanza leo kwa kukataa makosa yote yasiyo ya udanganyifu, kwani kanuni ilivyo sasa inamruhusu. Tuache kudai kwamba sentensi mbili za jaji zinafuta kilichosikika. Upande wa mashtaka wenye ushahidi wa kutosha hautapoteza kitu. Usio nao utapoteza kesi ambayo haukustahili kuishinda.